Nukta Ndani ya Duara

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniuliza kwa nini nilimfunika yule nguru kwa leso yangu na kukataa mtu asimtie kisu mpaka baada ya adhuhuri. Deka alidhani joto limenipanda kichwani. Mlinzi akasema labda nataka kwenda naye nyumbani mzima mzima nikamtafune peke yangu, mimi niliyebakiwa na meno ya kuhesabu. Nilicheka nanyi, nikasema nitawaandikia. Basi naandika. Mliomba mambo ya kazini, namna maabara yetu ilivyoanza na nani alinifundisha nini, na hayo yatakuwemo. Vyeo na barua za pongezi sitavigusa. Vimo kwenye faili la stoo, na panya wameshaanza kuvipitia.

Kazi hii niliianza kwa kuosha vyombo. Vita vilipotutoa kisiwani kwetu Koyama, karibu na Kismayu, kaka yangu Lali alinishika mkono tukaenda mpaka Mombasa, tukakaa kambini pamoja na watu wa visiwa vyetu vyote. Lali ni fundi wa mashua, amenipita miaka kumi, na wazazi wetu walipofariki ndiye aliyenilea. Yeye alipata vibarua vya kuziba boti za watu. Mimi nikapata kuosha sahani za kioo katika maabara moja ndogo mjini. Wiki ya kwanza nilivunja sita. Mwenye maabara alitaka niondoke siku ile ile. Aliyenitetea ni fundi mkuu, Mwalimu Faraji, mzee mwembamba ambaye miwani yake ilishikiliwa kwa uzi wa kushonea. Nilikuwa nimekusanya vigae vyote kwenye ndoo na kumpelekea mwenyewe. "Mwacheni huyu," alisema. "Amevunja na ameleta. Mimi namwogopa anayevunja akafagilia chini ya kabati." Nilijivunia maneno hayo miaka mingi, bila kujua kwamba siku moja nami nitafagilia chini ya kabati.

Kutoka kuosha sahani nikapanda kuzijaza. Mwalimu Faraji alinifundisha kupika chakula cha vijidudu, ule uji wa mwani unaoganda ukipoa, na kuchoma kitanzi cha waya kwenye moto mpaka kiwe chekundu, kisha kungoja kipoe kabla ya kugusa usaha wa mtu. Kungoja ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nikichoma na kuchovya papo hapo, nawaunguza vijidudu niliotumwa kuwaotesha, halafu kesho yake naandika kwamba mgonjwa hana kitu. Alinifundisha pia kwamba kunusa sahani ni marufuku, na kwamba kila fundi wa maabara hunusa. Mdudu wa kijani, yule anayependa vidonda vya siku nyingi, ananukia utamu kama sharubati ya zabibu iliyosahauliwa kwenye jagi. Nilimjua kwa pua kabla sijamjua kwa jina.

Kilichonivutia kuliko vyote ni kipimo cha duara. Nyinyi mnakijua, lakini nakieleza kwa ajili ya mpishi wetu, ambaye ameahidi kusoma. Unapaka vijidudu vya mgonjwa sahani nzima, unapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kipande na dawa yake, kisha unaifungia sahani kwenye kabati la joto mpaka kesho. Asubuhi vijidudu vimetanda kila mahali, isipokuwa kuzunguka karatasi ya dawa inayowaweza. Pale pamebaki duara tupu. Unalipima kwa rula, na likiwa pana dawa hiyo inafaa. Nilipenda uadilifu wa jambo lile, kwamba rula haimjui mtu wala kabila lake. Mwalimu alinionya mara moja tu, huku anafuta miwani. "Usipime ukingo peke yake, Esha. Tazama na ndani." Nikaitika ndiyo, kama watu wanavyoitika wakitaka mtu anyamaze.

Lali alitangulia kurudi Koyama. Alisema amechoka kuziba boti za wengine, anataka kuunda yake. Mimi nilibaki mpaka nikasikia Kismayu inafunguliwa maabara na inatafutwa mtu anayejua kuotesha usaha. Nilipofika nilionyeshwa chumba chenye meza, kabati la joto lililotumia umeme wa jua, na kondoo. Kondoo huyo baadhi yenu hamkumkuta. Damu yake tuliitia kwenye chakula cha vijidudu, kidogo kidogo, na kwa kazi hiyo alikula vizuri kuliko sisi. Tulimwita Afisa, kwa kuwa alifika kazini kila siku na hakufanya haraka. Sikukuu moja nilimkuta mlinzi amemlaza kaelekea kibla, kisu mkononi, bismillahi iko kwenye ulimi. Nilipiga ukelele uliowatoa wagonjwa wodini. Mpaka leo mlinzi yule ananiambia nilimnyima thawabu.

Deka alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka shule, Msomali aliyekulia kambini Kenya, Kiswahili chake safi kuliko changu. Aliniita Edo, yaani shangazi kwa Kisomali, na jicho lake lilikuwa kali. Nataka mlikumbuke jicho hilo, maana mimi nililipuuza.

Sasa nakuja kwenye dawa. Kazi yangu ilikuwa maabara, lakini daktari wa hospitali yetu alijua mimi ni mtu wa visiwani, na dawa za Koyama alizipitisha mikononi mwangu. "Wewe unawajua watu wako," alikuwa akisema, na mimi nikifura kwa fahari. Kila boti ya injini iliyokwenda huko ilikwenda na boksi langu, na mara nyingine na mimi mwenyewe. Dawa hazikuwahi kutosha. Ukipata antibayotiki ya mtu mmoja, wanaoihitaji ni watatu.

Kwetu jambo la kutotosha lina utaratibu wake. Samaki wakiteremshwa pwani hupangwa mafungu mchangani, yawe sawa kwa macho ya wote. Mtu mmoja anayapa mafungu kisogo. Mwingine anagusa fungu kwa kijiti na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka anataja jina bila kuona. Mjane anatajwa, mgonjwa anatajwa, na hakuna wa kulalamika kwamba kapewa kichwa mwenziwe kapewa mnofu. Nimekula kwa mafungu hayo tangu sijaota meno. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu duniani kinachoharibika kwa kugawanywa kwa haki.

Mwaka huo Lali alijikata kwa tezo. Alikuwa anachonga taruma, ubavu wa mashua, amelikanyaga gogo kwa unyayo kama mafundi wote wa kwetu wanavyofanya, tezo likateleza likaingia muundini, mbele ya mguu, mpaka mfupani. Walimfunga kitambaa na majani. Nilipofika na boksi, kidonda kilikuwa kinatoa usaha wa kijani, na ile harufu tamu nikaisikia tangu mlangoni. Kisiwani walikuwapo watu wengine wawili wenye vidonda vibaya. Nilikuwa na vidonge thelathini vya antibayotiki ya sipro, dozi ya mtu mmoja.

Niliomba sinia. Nikavipanga mafungu matatu, kumi kumi, nikayasogeza kwa kidole mpaka yakafanana hata kwa umbo. Lali aligeuka, mguu wake ameunyoosha juu ya mto. Nikagusa fungu la kwanza. "Hili la nani?" Akataja jina la jirani. La pili, jirani mwingine. La tatu likawa lake, tukacheka, maana lilikuwa ndilo lililobaki. "Ukiona usaha umekauka, acha," nilimwambia, "vinavyobaki weka, vitamfaa mwingine." Hayo niliyasema mimi, mwenye cheti ukutani. Nikarudi Kismayu moyo wangu mweupe.

Majirani wawili walipona, na kupona kwao kukaniziba masikio. Lali naye alikauka, kisha baada ya miezi miwili kidonda kikafunguka tena. Nikampa sindano za dawa nyingine, siku nne, kwa kuwa zilikuwa za kugawana na mgonjwa wa kijiji cha Burgao. Kikakauka, kikafunguka. Dawa ya tatu, nusu. Ya nne, nusu. Sipro mara ya pili, robo. Kwa muda wa miaka miwili nilimpiga mdudu yule mara tano kwa dawa nne, na hata mara moja sikumpiga mpaka akafa. Mfupa ulikuwa unaoza humo ndani, na mimi nilikuwa nagawa kwa haki.

Kila kilipofunguka nilichukua usaha kwa pamba ya kijiti, nikauotesha. Maduara yalikuwa mapana, nikayapima kwa rula, nikaandika dawa inafaa. Ndani ya duara mlikuwa na nukta. Tatu hapa, tano pale, ndogo kama mbegu za ufuta, zimeota mahali ambapo hapakutakiwa kuota kitu. Deka ndiye aliyeziona.

"Edo, hizi ni nini?"

"Vumbi. Ulifungua dirisha."

"Sikufungua."

"Basi mkono wako haukuwa safi. Rudia."

Akarudia, nukta zikawa zile zile, tena kuzunguka karatasi zote nne. "Edo, vumbi gani hili linalochagua kuanguka ndani ya duara peke yake?" Nilimwambia vijana wa siku hizi wanapenda kubishana. Nikaandika kwenye daftari "imechafuka," nikaitia sahani kwenye chungu cha kuchemshia. Deka alichukua simu yake akapiga picha kabla sijafunika chungu, na picha hiyo ndiyo iliyoniumbua baadaye, jambo ambalo namshukuru kwalo kila siku.

Kidonda kilipofunguka mara ya tano, nilimpigia simu Mwalimu Faraji. Alikuwa amestaafu, sauti imekuwa ndogo, lakini hakuwa amesahau kitu. Nilimsomea vipimo vyote vya rula. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na ndani ya duara mna nini?"

Nilianza kusema vumbi. Deka, aliyekuwa pembeni, alimtumia ile picha bila kuniomba ruhusa. Mwalimu aliitazama.

"Unamkumbuka shangazi yako wa mikeka?" aliniuliza.

Nilimkumbuka. Zamani nilikuwa nimemchekesha kwa habari za shangazi yangu ambaye kila akiiga nakshi ya mkeka alikosea, mkeka ukarudishwa, akausuka upya akakosea mahali pengine.

"Mdudu akizaa, ananakili," alisema. "Maelezo yake yote anayanakili kwa mwanawe, kama nyinyi mnavyoiga mkeka wa mama. Na ndani yake ana msahihishaji, anayepita nyuma akifumua palipokosewa. Sasa wako waliozaliwa msahihishaji wao ameharibika. Hao ndio shangazi yako. Wanakosea, wanakosea, na makosa mengi ni ya kuwaua. Mahali pa kawaida wenzao huwashinda, wakaisha. Lakini niletee mnunuzi ambaye kila mwezi anataka nakshi nyingine, na mkeka wa jana anautupa. Nani ataibahatisha nakshi mpya?"

"Shangazi."

"Shangazi. Si kwamba anajua, maana hajui kitu. Amejaribu makosa mengi kuliko wengine, na moja limeangukia mahali pake. Tena dawa yenyewe ikimpiga mdudu isimuue, hata yule mwenye msahihishaji mzima hutaharuki akaanza kunakili ovyo. Huyo wa ndugu yako mmempiga mara ngapi?"

"Tano."

"Dozi kamili?"

Nikamhesabia: theluthi, siku nne, nusu, nusu, robo. Akasema taratibu, bila ukali, na ukali ungeniuma kidogo kuliko ule utaratibu. "Mwanangu, nilidhani mmemfundisha kuishinda sipro. Ingekuwa hivyo ingekuwa nafuu. Nyinyi mmemchagua yule anayegeuka upesi. Mmewaua wazito wa kugeuka, mkamwachia yeye mguu mzima. Dawa utakayoleta kesho, jibu lake huenda liko tayari kwenye nukta mojawapo."

Aliniambia la kufanya. Dawa mbili kwa pamoja, dozi kamili, wiki sita, maana kosa moja laweza kubahatisha mlango mmoja, lakini kubahatisha milango miwili kwa mara moja ni vigumu hata kwa mdudu yule. Kisha daktari wa upasuaji aukwangue mfupa uliokufa. Asipozwe nusunusu tena.

Nilitafuta dawa hizo kwa wiki tatu, nikazipata, kamili, za mtu mmoja. Nikapanda boti kwenda Koyama na boksi mapajani. Njia nzima nilijiandalia maneno ya kumwambia Lali. Kaka, nilikukosea. Yale mafungu yangu ndiyo yaliyokulisha ugonjwa. Tulipofika nikamkuta amekaa kwenye gogo chini ya mashua aliyokuwa akiiunda, mataruma yote yamesimama, mguu umefungwa kitambaa, anapiga randa huku anaimba. Akanifurahia mbele ya watu. "Nduu yangu daktari kaya!" alisema kwa lahaja ya kwetu, yaani kaja, naye anajua vizuri kwamba mimi si daktari. Watu wakaja kunisalimia, wananiletea madafu, wananishukuru kwa mafungu ya nyuma. Nikamkabidhi boksi.

Nilimwambia, "Hizi ni zako peke yako. Usimpe mtu. Baada ya wiki mbili njoo Kismayu ukwanguliwe mfupa." Akauliza kwa nini peke yake. Nikasema ndivyo daktari alivyoagiza. Niliogopa kuonekana vile nilivyokuwa, basi nikafagilia vigae chini ya kabati, na boti ya kurudi ilipoita nikaondoka.

Baada ya wiki mbili hakuja. Baada ya wiki nne walimleta wamembeba, homa juu, mguu umevimba mpaka gotini. Nilimuuliza kuhusu dawa. Akanijibu kwa lahaja yetu, ambamo mtu ni mchu na kuanza ni kuanda, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyefanya jambo la kawaida.

"Zimekwisha siku nyingi. Bi Zena alichomwa na taa wa baharini, unyayo ukaoza. Nyumba yake na yangu ukuta ni mmoja, nasikia analia. Mimi nimeze vidonge viwili viwili, na mchu wa pili hana hata kimoja? Chwaligawa kati na kati. Vidonge na sindano zoche."

"Nilikwambia usimpe mtu!"

"Ulinambia. Hukunambia kwa nini. Nilidhani ni maneno ya madaktari, wao kila kichu chao ni peke yako, peke yako." Akanitazama. "Na kugawa dawa, ndiwe uloanda, Esha. Mimi niligeuka chu, nikataja majina."

Nilikaa kwenye kile kiti cha chuma cha wodini, nikamwambia yote. Sinia, nukta, vumbi lisilokuwa vumbi, chungu cha kuchemshia, shangazi na mikeka yake. Nilimwambia kwamba Mwalimu alinieleza na mimi nikamficha kwa aibu. Nililia kwa sauti, mbele ya wagonjwa, mimi niliyekuwa nikiwakanya nyinyi msilie kazini. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipomaliza alisema maneno machache tu.

"Ungenambia haya pwani, mbele ya watu, ningeyameza yoche mimi peke yangu. Na Bi Zena mwenyewe angenisimamia nimeze."

Ninajua ni kweli. Watu wetu si wajinga wala si wakaidi. Wanagawana kwa sababu wanajua sababu ya kugawana, na wangeacha kwa kujua sababu ya kuacha. Niliwanyima sababu hiyo mimi, niliyekuwa nayo peke yangu kisiwa kizima.

Sahani ya mwisho aliiotesha Deka. Maduara mengine yalikuwa yamejifunga kabisa, na yaliyobaki yalijaa nukta hata huwezi kuzihesabu. Safari hii niliinama nikazitazama moja moja chini ya taa. Kila nukta ilikuwa kosa lililobahatika. Hapakuwa na dawa ya kumjaribia tena. Walimkata mguu chini ya goti siku ya Jumatano, na kwa kuwa mguu wa Mwislamu hautupwi, mimi na mlinzi tukaupeleka makaburini, tukauzika. Lali alipozinduka aliuliza umezikwa wapi. Nikamwambia Kismayu. "Basi siku ya kufufuliwa nina safari mbili," alisema. "Kwanza Kismayu kuchukua mguu, ndipo nikaonekane na wachu wa Koyama." Aliyasema ili nicheke. Sikuweza.

Nilimwuliza Mwalimu Faraji kama tumemleta duniani mdudu wa kuogopwa na kila mtu. Akanituliza kwa hilo. Alisema mdudu wa aina ile, akitolewa kwenye kidonda alichokizoea, makosa yake yenyewe humlemea. Penye amani waangalifu humshinda. Hakuna kinachompangia mbele, wala hajui kesho ataletewa nini. Uwezo wake wa kugeuka umetokana na sisi kumbadilishia adui kila mwezi bila kumaliza vita. Huo ndio uchungu wa jambo lenyewe. Nilidhani ninawasaidia watu wa kwetu, kumbe kwa miaka miwili niliilea hali moja tu duniani ambamo mdudu mzembe anakuwa bingwa.

Bi Zena alipona unyayo. Anatembea. Nikikutana naye hunishika mikono na kuniombea dua, nami huitikia amina. Siwezi kusema Lali alikosea kumgawia, na sijui nimweke wapi Bi Zena katika hesabu ya majuto yangu. Mashua ilimaliziwa na mtu mwingine. Wanasema inavuta kidogo upande wa kushoto, na Lali husema hayo hayo kwa furaha isiyofichika. Hawezi kuchonga tena, kwa kuwa gogo hushikwa kwa unyayo. Kazi yake siku hizi ni kukaa pwani na kuyapa mafungu kisogo. Ndiye anayetaja majina.

Baada ya Lali nilibadilika kazini, mnalijua hilo, na baadhi yenu mlinichoka. Boksi la mtu mmoja nililipeleka kwa mtu mmoja, na waliokosa niliwaeleza kwa nini wamekosa, uso kwa uso, wakalia nami nikasimama pale pale. Huko hakuna raha yoyote. Sahani yenye nukta sikuichemsha tena kabla Deka hajaiona. Lakini hadithi yenyewe sikumwambia mtu yeyote hapa kazini. Deka alijua nusu, akaninyamazia.

Sasa nguru. Asubuhi ile ya kuagwa kwangu, mwenye boti ya Koyama alinijia mlangoni amembeba yule samaki begani, mzima, hajapasuliwa hata tumbo, amefunikwa majani ya mnazi. Kwetu samaki mkubwa hivyo hatoki pwani mzima. Hugawanywa kabla mchanga haujakauka mwilini mwake. Nikauliza kulikoni. Akasema Lali aliwaomba wenziwe wote, wakakubali, asiwekwe kwenye mafungu. Kisha akanipa salamu kama alivyoagizwa. "Lali asema: hunu ni mzima. Ni wako peke yako. Ukitaka kuwagawia wachu wa kazini, waambie kwanza kwa nini."

Ndiyo maana nilimfunika. Tangu saa mbili mpaka adhuhuri nilikuwa natafuta sauti ya kuwaambia. Mlikuja mmoja mmoja, mkanisifu, mkasema Edo Esha hakuwahi kukosea kipimo. Mkurugenzi akasema hivyo hivyo kwenye hotuba, na nyinyi mkapiga makofi. Nilisimama nikajibu kwamba nashukuru. Halafu nikamfunua nguru, Deka akashika kisu, mkala nyote mkashiba, na hata Afisa, kama angekuwa hai, angekaribia kunusa.

Kwa hiyo nimegawa tena bila kusema. Mimi mwenye umri huu, niliyekwisha kuambiwa. Barua hii ingekuwa maneno mawili matatu siku ile, mbele yenu, na mikono ingali inanuka samaki. Nakala nyingine nimempelekea Lali kwa boti ile ile, na nimemwandikia juu yake kwamba watu wa kazini wameshamla nguru, na sababu inawafuata nyuma.